Kitu cha Nchi za Baridi

Kijiwe chetu kiko pale barabara inapokunja kona, kando ya ukuta wa duka la cherehani lililofungwa zamani. Kina benchi moja refu, kreti mbili za soda zilizogeuzwa chini juu, na jiko langu la mkaa. Mimi ndiye mwenye birika, na ndilo jina langu hapa: Dada Birika, ingawa nina wajukuu wanne. Vikombe vyangu navifunika kwa kitambaa cheupe, maana kona hii haiishiwi upepo, na juu ya kitambaa naweka kizito changu, kidude cha shaba chenye springi tumboni, upana wake kama mdomo wa kikombe. Nilikiokota chini ya benchi miaka ya nyuma na hakuna aliyewahi kukidai. Msimu huu asubuhi zetu ni za ukungu. Wanaume wangu huja wamejifunga makoti, wanashika kikombe kwa mikono miwili, na wanajua kila kitu. Kazi yangu ni kumimina na kunyamaza. Kumimina naweza.

Jumatano hiyo Baba Pacha alifika mapema. Aliegesha gari lake ng'ambo ya barabara, pua ikitazama juu ya mteremko, kama alivyoagizwa jana yake hapa hapa. Ni gari jeupe la familia, kuukuu, limewazidi umri hao pacha wenyewe, ambao sasa ni watu wazima wanaofanya kazi mbali. Alikaa kwenye benchi, salamu akaitoa nusu. Nikamwekea kikombe, hakukigusa.

– Halikupata joto, akasema. Nimelilaza na pua juu tangu jana. Nimeliwasha asubuhi, nimezunguka nalo. Vile vile.

Hakuna aliyehitaji kuuliza joto gani. Mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, Baba Pacha humpeleka mkewe hospitali iliyo upande wa pili wa mlima, mwendo wa saa moja na nusu, akasafishwe damu kwa mashine, kwa sababu figo zake zimechoka. Kwenda si taabu. Taabu ni kurudi. Anayetoka kwenye mashine ile hutoka na baridi ya ndani kwa ndani, isiyosikia blanketi, na barabara yenyewe inapanda mpaka kwenye ukungu kabla ya kushuka huku kwetu. Hita ya gari inapiga kelele, upepo unatoka, lakini upepo wenyewe ni vuguvugu la kumwonea mtu aibu. Wamejaribu blanketi mbili. Wamejaribu chupa ya maji ya moto, na Mama Pacha akasema inamchoma ubavu mmoja na kuuacha wa pili ugande.

– Jumatatu tuliporudi ameniambia Alhamisi haendi, Baba Pacha akaongeza, akiangalia kikombe.

– Haendi vipi? akauliza Karani.

– Haendi. Anasema amechoka kutetemeka njia nzima. Anasema bora abaki na damu yake ilivyo.

Tulijua kutokwenda maana yake nini, na kwamba si jambo la kungoja miezi. Nilijikuta nakoroga kahawa ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

– Alhamisi ni kesho, akasema Redio.

Redio hutengeneza redio na simu kwenye kibanda cha pembeni, na jina lake halikutokana na kazi peke yake. Karani ni mstaafu wa masjala, mtu wa kutanguliza neno "kwa utaratibu" hata anapoomba sukari. Watatu wakiwa na Spana, fundi wa magari ambaye gereji yake ni uwanja ulio nyuma ya ukuta huu, ndio jopo la madaktari wa kila kitu kinachoharibika mtaani.

Spana ndiye aliyeanza, kwa sababu ndiye mwenye haki. Akatueleza upya kwamba hita si kitu cha ajabu. Injini ikichemsha maji yake, sehemu ya maji hayo hupitishwa kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni huipuliza, basi. Kwa hiyo joto likipungua, ama rejeta ndogo imeziba, ama maji ni machache, ama kuna hewa imenaswa kwenye mipira. Rejeta ameizibua wiki iliyopita kwa mpira wa bomba. Ilitema maji ya kahawia, halafu mekundu, halafu safi. Maji ameyajaza. Hewa ndiyo hiyo tuliyoinulia gari pua. Alipomaliza kuhesabu alikuwa amekunja vidole vitatu na hana cha nne.

– Basi ni feni, akasema Redio. Inazunguka kinyume.

– Inapuliza. Mimi nimeweka mkono.

– Inapuliza, ndiyo. Lakini inapuliza nini? Ukikosea nyaya mbili tu, feni inachukua joto la ndani inalitupa nje, baridi ya nje inaileta ndani. Wewe uliweka mkono upande wa hasara.

– Redio, tundu ni lile lile moja.

– Ndiyo maana hamjaliona tatizo.

Karani akakohoa, ishara kwamba anafungua faili. Kwa utaratibu, akasema, tunasahau suala la umri. Chuma kikizeeka kinatoboka vinyweleo, vidogo, havionekani kwa macho, na joto hupitia humo. Masjala walikuwa na kabati la chuma la zamani na kabati jipya, na la zamani lilikuwa na baridi kuliko jipya. Amelishuhudia miaka kumi na tisa.

– Lile la zamani si ndilo lilikuwa dirishani? nikamuuliza, maana nilikuwa nikipeleka chai ofisini kwao.

– Dada Birika, naomba nimalize.

Akamaliza kwa kupendekeza gari lipakwe rangi mbili nene, nyeusi ikiwezekana, kabla ya kesho. Redio akaona rangi haitoshi, injini nayo ifungwe blanketi. Spana akamwambia akitaka kuchoma gari la watu aseme tu. Hapo Redio akasimama, na akisimama ujue wazo limekuwa kubwa kuliko yeye.

– Tatizo ni uzito. Baba Pacha, usikasirike, wewe ni mtu mzito. Ukikaa, upande wako unalala. Sasa joto huwa linakwenda wapi?

– Juu, akasema Karani.

– Umeona.

– Nimeona nini? Kama upande wangu unalala, wa mama unapanda, akasema Baba Pacha. Basi joto lote lingekuwa lake.

Redio akapima upande mmoja kwa kiganja, halafu wa pili.

– Basi mbadilishane viti, akasema.

– Aendeshe mgonjwa?

Karani akacheka, mimi nikacheka, Spana akacheka mpaka akamwaga kahawa. Baba Pacha hakucheka. Aliweka mikono yake juu ya magoti, ile mikono iliyoendesha magari ya idara ya maji miaka thelathini, na akaitazama.

– Mnanichekesha, akasema, na mimi sikuja kuchekeshwa. Jana nilimfunga miguu kwa blanketi kama mtoto akaniambia asante, mume wangu, inatosha. Sijapenda alivyosema inatosha. Naogopa, jamani.

Hatujazoea neno hilo kijiweni. Spana akaanza kuchokonoa kucha kwa bisibisi.

Ndipo Mama Pacha akatokea kwenye kona. Nyumba yao ni ya tatu kutoka hapa, lakini alikuwa ametembea polepole, na alipofika alisimama kwanza apate pumzi. Amevaa sweta la mumewe, mikono ya sweta imefika kwenye vidole. Hakuwa na kawaida ya kuja kijiweni. Wanaume wakasogea wote kwa pamoja, kila mmoja akimpa nafasi iliyokuwa ya mwenzake, na mimi nikamvutia kreti karibu na jiko.

– Shikamoo shemeji, akasema Spana, ingawa hawajapishana sana umri.

– Marahaba. Endeleeni. Nimekuja kuota moto tu, nyumbani nimekaa nikaona kuta zinanitazama.

Nilikuwa najua anapimiwa maji ya kunywa, kikombe na nusu kutwa nzima, pamoja na mchuzi. Kwa hiyo sikumuuliza atakunywa nini. Nilimwambia achukue kikombe chini ya kitambaa nimtilie kahawa ya kushika, si ya kunywa. Akatabasamu. Akanyoosha mkono, akakiondoa kile kizito changu, lakini kitambaa hakukifunua. Akabaki amekishika kile kidude. Akakigeuza, akaibonyeza springi kwa kidole gumba.

Wanaume walikuwa wamesharudi kwenye vinyweleo vya chuma.

– Samahani, akasema Mama Pacha. Naomba kuuliza. Hiki si ndicho mlichokitoa kwenye gari letu?

Vichwa vikamgeukia.

– Mwaka ule lilipochemka hapa kwenye kona, akaendelea, bila kupandisha sauti. Mimi nilikuwa nimesimama pale, shemeji Spana akanipa nati mbili nimshikie zisipotee. Akatoa hiki. Nikamuuliza, kina kazi gani? Akaniambia, shemeji, hiki hakina kazi kwetu, hiki ni kitu cha nchi za baridi.

Nilimtazama Spana. Alikuwa amevaa sweta mbili, koti juu yake, na kofia ya sufu iliyofika kwenye nyusi.

Nami nikakumbuka. Ilikuwa miaka sita nyuma. Gari lilitoa moshi mweupe hapa kwenye kona, na jopo likakaa. Spana alibadilisha mfuniko wa rejeta uliokuwa umelegea, halafu kwa kuwa alikuwa amefungua na bado yuko humo humo, akauliza kama na themostati, kidude hiki, itoke. Kila fundi hapa huitoa. Ni kama kuvua viatu mlangoni, haulizwi mtu sababu. Benchi lilipiga kura kwa kunyanyua vikombe. Mimi nilinyanyua birika.

Spana akakichukua kile kidude kutoka mkononi mwa Mama Pacha. Alikishika kwa vidole viwili.

– Baba Pacha, akasema. Mshale wa joto kwenye dashibodi unasimama wapi?

– Chini kabisa, akajibu Baba Pacha. Miaka sita haujapanda. Si nilikuwa nakusifu kwa hilo.

– Haujapanda kabisa?

– Hata mlimani.

Spana akavua kofia, akaiweka gotini. Akaanza kueleza, si kwa sauti yake ya ufundi. Themostati ni mlango, akasema. Maji ya injini yakiwa baridi, unafunga, yanabaki ndani yapate moto kwanza. Yakishapata moto unafunguka, yanakwenda kwenye rejeta kubwa ya mbele kupoa. Ukiuondoa mlango, maji yanazunguka tu tangu gari linapowashwa, na gari likitembea upepo wa mbele unayapoza kabla hayajawahi kuwa moto. Hita itatoa wapi joto? Inapewa maji yaliyopoa.

– Na likisimama? akauliza Mama Pacha.

– Likisimama hakuna upepo. Linapata joto kidogo.

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa.

– Basi ndiyo maana, akasema. Pale njia inapokata reli.

– Reli imefanya nini? akauliza mumewe.

– Tukisimama kungoja treni ipite, hita inaanza kutoa joto. Linaanzia miguuni. Wewe unailaani treni, unapiga usukani, unasema tutachelewa. Mimi naiombea iwe ndefu.

Baba Pacha akamwangalia mkewe.

– Hukuwahi kuniambia.

– Ungefikiri nafurahia kukuchelewesha. Na nyote mlikuwa mnajua kinachoumwa. Mimi ni abiria tu.

Sitasahau uso wa yule bwana. Ameoa miaka thelathini na kitu, mara mbili kwa wiki amekaa naye kwenye reli ile, mkono kwa mkono, na hakujua kwamba mwenzake alikuwa anahesabu mabehewa akitamani yasiishe. Alivua koti lake akamwekea mabegani, na yeye akalipokea.

Karani akakohoa. Kwa utaratibu, akasema kwa upole, kifaa kimekaa nje miaka sita. Je, kinafanya kazi? Lilikuwa swali la kwanza la maana alilouliza wiki hiyo. Spana akasema kuna njia moja ya kujua, anataka maji yanayochemka. Wote wakanigeukia.

Jiko ninalo moja. Niliwagawia kahawa iliyobaki, robo kikombe kila mtu, nikawaambia imekwisha na leo hakuna nyingine. Nikateka maji ya kuoshea vikombe kwenye sufuria ndogo, nikayabandika. Redio akaleta kipande cha uzi kutoka kibandani. Spana akakifunga kidude na kukining'iniza ndani ya maji kisiguse chini, akasema tukae tutazame.

Tukatazama. Watu watano na mgonjwa mmoja, vichwa vimekutana juu ya sufuria. Maji yakaanza kutoa vipovu pembeni. Kidude kimetulia, kimefunga mdomo wake. Redio alitaka kuongea, Mama Pacha akamgusa mkono, akaacha. Vipovu vikawa vikubwa, mvuke ukatupanda usoni. Halafu springi ikajikunja, kidogo sana, na katikati ya ile shaba pakatokea mwanya kama ukucha. Ukapanuka. Ukawa upana wa kidole. Spana akainua uzi, akakitoa kwenye maji, na upepo wa kona yetu ukakipiga. Polepole, mbele ya macho yetu, kikajifunga tena.

– Kizima, akasema Spana.

Miaka sita kilikuwa kizima. Miaka sita kilikuwa kinafanya kazi ya jiwe juu ya vikombe vyangu, na sisi tuko hapa mbele yake tunatafuta vinyweleo. Niliona aibu, nasema wazi, na nadhani wote tuliona.

Spana hakungoja. Alivuka barabara na boksi lake la spana, akakata gasketi mpya kutoka kwenye kipande cha boksi la viatu, akakirudisha kidude mahali pake. Safari hii nati zilishikwa na Baba Pacha. Walipowasha, mshale ukaanza kupanda, ukaondoka kule chini ulikolala, na Baba Pacha akaingiwa na hofu akasema azime, linachemka. Spana akamwambia halichemki. Mshale ukafika katikati ukasimama. Akamwambia hapo ndipo mahali pake, amezoea vibaya tu.

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. Redio akamwambia aweke mkono kwenye tundu aone.

– Likisimama limekuwa likipata joto siku zote, akajibu. Hiyo si habari. Kesho ndiyo tutajua.

Amesema kesho. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kama ndiyo kusema anakwenda.

Alhamisi asubuhi niliwasha jiko kabla ya wakati wangu. Gari jeupe lilipita kwenye kona na ukungu, na nilihesabu vichwa: viwili. Kijiwe kikakaa siku hiyo bila hoja yoyote. Karani alisoma gazeti la juzi. Spana alikuja mara tatu kunywa kahawa ambayo hakuitaka, na kila upepo ulipovuma kitambaa changu kiliruka, nikawa nakikamata kwa mkono.

Jua lilikuwa linakaribia kushuka waliporudi. Hawakupitiliza kwenda nyumbani. Gari lilisimama ng'ambo, mlango wa abiria ukafunguka, na Mama Pacha akashuka. Amechoka, uso umemwingia ndani kama siku zote akitoka kule. Lakini blanketi zilikuwa zimekunjwa kiti cha nyuma, na sweta la mumewe lilikuwa mkononi.

Akavuka na kuja mpaka kwangu. Wanaume walisimama wote bila kuambiwa. Akafungua kiganja: jiwe la kijivu lenye pembe, yale yanayomwagwa chini ya reli.

– Nilikunyang'anya kizito chako, akaniambia. Nimekuletea kingine.

Redio ndiye aliyeuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliuliza kwa sauti ndogo:

– Treni ilikuwepo leo, mama?

– Ilikuwepo, akasema. Fupi tu.

Akakitandaza kitambaa vizuri juu ya vikombe, akaweka jiwe katikati.

– Leo sikuiombea.